Bakuli Katikati, Sahani kwa Kila Mtoto

Vituo vingi vya kulelea watoto majumbani hulisha kwa njia mbili. Ya kwanza, mlezi anapakua jikoni sahani zilizolingana, kisha anazunguka akihimiza, "Maliza, maliza." Ya pili ni sinia moja juu ya mkeka. Sinia lina raha yake na sina ugomvi nalo, ila kwa watoto wa miaka miwili hadi mitano lina kasoro ambayo wahudumu wa kliniki hawachoki kuisema: mwenye mkono mwepesi anashiba, mpole anabaki na njaa, na mlezi hajui nani kala nini. Njia ninayoieleza hapa inakaa kati ya hizo mbili. Chakula kinaletwa kwenye mabakuli ya pamoja, kila mtoto ana sahani yake, na anajipakulia mwenyewe.

Msingi wake ni mgawanyo wa kazi ambao Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, ameutetea tangu miaka ya 1980. Mkubwa anaamua kiliwe nini, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua kama atakula, na kiasi gani. Ukishaanza kuingilia upande wa mtoto, mabakuli hayatakusaidia kitu.

Hatua ya 1: Vyombo

Tafuta mabakuli madogo ya plastiki au melamini, yenye kitako kipana, ambayo mtoto wa miaka mitatu anaweza kuyabeba kwa mikono miwili. Bakuli moja la kila chakula latosha watoto watano au sita. Wakiwa wengi zaidi, gawanya makundi, maana anayesubiri sana huishia kuingiza mkono. Upawa wa jikoni uache jikoni. Mpini wake ni mrefu na mtoto atammwagia jirani. Kijiko cha kawaida cha kulia wali kinafaa. Maji yawe kwenye jagi dogo, lijazwe nusu tu. Weka kando yako vijiko viwili vitatu vya akiba, na utandike kitambaa cha plastiki juu ya mkeka.

Hatua ya 2: Mazoezi kabla ya chakula

Wiki moja kabla, waache wachote mchanga kwa kijiko na kumimina maji kikombe kwa kikombe uani. Usiwape maharage makavu wala karanga kwa zoezi hili. Vitaishia puani, na safari ya hospitali haitakuwa mbali.

Hatua ya 3: Pika ukifikiria mikono midogo

Ugali ukate vibonge vidogo kwa kijiko kilicholowa maji. Mchuzi wa maharage uwe mzito, usitiririke. Mchicha au tembele likatwe dogo. Samaki mchambue wewe mwenyewe mpaka uhakikishe hakuna mwiba, na nyama iwe laini, vipande vidogo. Kwa walio chini ya miaka minne, karanga nzima, bisi, pipi ngumu na zabibu nzima zisifike kabisa. Soseji, kama ipo, ipasuliwe kwa urefu kwanza, kwa kuwa kipande cha duara huziba koo sawasawa na kizibo. Kabla ya chakula cha kwanza, uwe umeshawauliza wazazi ni mtoto gani anadhuriwa na mayai, maziwa, samaki au karanga.

Sufuria ya moto haikanyagi mkekani hata siku moja. Chakula kipoe kwanza jikoni, ukionje, ndipo kije. Nusu yake ibaki kwenye hotpoti, na kile unachopeleka mkekani kiwatoshe wote kwa mzunguko mmoja.

Hatua ya 4: Kunawa

Maji yatiririke: kibuyu chirizi au ndoo yenye koki, na sabuni, kwa sekunde 20 hivi. Beseni moja la watoto wote ni kugawana uchafu. Chakula kiwe tayari kabla hawajanawa, la sivyo mikono itarudi sakafuni.

Hatua ya 5: Kupakua

Keti nao. Ninajua mlezi wa nyumbani ana mtoto mgongoni na sufuria jikoni, lakini bila mkubwa kuketi na sahani yake mwenyewe, mambo yatakwenda kombo. Wanakuiga wewe.

Anza na chakula kimoja. Siku za kwanza wajipakulie papai lililokatwa tu, mengine upakue wewe. Wakizoea, ongeza wali. Vya majimaji vije mwisho.

Jipakulie wa kwanza, polepole, ukisema unachofanya: "Nachota kijiko kimoja. Naweka sahanini. Nampa mwenzangu bakuli." Mtoto wa miaka mitatu akilipokea, atachota wali kwa kijiko kilichojaa kupita kiasi na nusu itaanguka njiani. Wewe shika bakuli lisiyumbe. Mkono wake uache. Punje zilizoanguka zitafagiliwa baadaye. Aliye chini ya miaka miwili mshikie mkono mchote pamoja, na mchanga asiyefika mwaka mmoja mlishe wewe.

Hofu kubwa ya walezi ni nyama: wa kwanza ataimaliza. Hapo weka sheria moja inayoeleweka, "Kila mtu kimoja kwanza," na uhesabu vipande kabla havijaletwa. Wali na mboga usivihesabu. Akirudia mara ya pili, arudie. Atakayejaza sahani mlima leo na kushindwa kuumaliza, kesho atachota kidogo bila kugombezwa.

Mmoja atalamba kijiko na kukirudisha bakulini. Kitoe, weka cha akiba, sema "Hiki sasa ni chako," endelea kula.

Hatua ya 6: Asiyetaka

"Bibi, sitaki mchicha."

"Haya mwanangu, upo hapo ukitaka."

Inatosha. Usimbembeleze, usimtishe, na usimwahidi biskuti, kwa sababu utakuwa umemfundisha kwamba mchicha ni adhabu na biskuti ni zawadi. Chakula kigeni huenda kikahitaji kuonekana mara 8 hadi 15 kabla mtoto hajakikubali, kwa hiyo endelea kukileta pamoja na kitu anachokipenda. Kagua pia ratiba yako. Uji saa nne, chakula saa saba na tunda saa kumi vinamfikisha mtoto mezani na njaa ya kutosha. Juisi na biskuti za saa sita zinamwondolea.

Ila anayekataa kila kitu kutwa nzima, au mwenye homa, anayeharisha au anayepungua mwili, huyo si mchaguzi. Mwarifu mzazi siku hiyo hiyo, apelekwe kituo cha afya.

Hatua ya 7: Wazazi

Waeleze kabla hujaanza, hasa kama wamezoea kufunga chakula cha mtoto kutoka nyumbani. Huwezi kuwa na bakuli la pamoja huku wawili wana chipsi zao pembeni. Weka daftari, na jioni useme ukweli: "Mama Juma, leo kala wali vijiko vitatu, maharage kidogo, mchicha hakugusa." Atauliza mbona hukumlisha. Mjibu kwamba sahani iliyopakuliwa na mlezi ilikuwa ikirudi na mabaki pia, ila hakuna aliyemhesabia vijiko. Asipokubali, mkaribishe saa saba aje aone.

Hatua ya 8: Kuondoa vyombo

Kila mtoto apeleke sahani yake kwenye beseni na apanguse mahali pake kwa kitambaa, hata kama itabidi upanguse tena nyuma yake. Kilichobaki kwenye mabakuli ya mkekani kimeshaguswa na vijiko vingi na chafya kadhaa, kisihifadhiwe. Cha kwenye hotpoti ambacho hakikuguswa kinafaa, mradi kikishapoa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kipashwe mpaka kifuke mvuke kabla hakijaliwa tena.