Mdogo wangu apelekwe tiba ya kikundi?

SWALI: Tunaishi Leicester, Uingereza. Mdogo wangu hugombana na kila anayempenda, na ameshajikata mkono. Daktari wake anataka kumwandikia rufaa ya tiba ya kikundi, mwaka mzima na zaidi. Kwa nini asipewe dawa tu?

JIBU: Pole, mwanangu, kwa hofu unayoibeba. Kwa unavyoeleza, nadhani daktari wake anashuku matatizo ya haiba ya aina ya bodalaini, yaani hisia na mahusiano yasiyotulia. Mwongozo wa 2009 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaelekeza kwamba dawa zisiwe tiba ya tatizo hilo lenyewe, wala tiba ya mazungumzo ya chini ya miezi 3 isitumike.

Kikundi kina kazi yake. Mwanakikundi mwenzake akitazama saa wakati yeye anaongea, ataona amedharauliwa. Nyumbani angebamiza mlango. Kikundini, mtaalamu atamtuliza palepale na kumuuliza: umeona nini, umedhani nini, na mwenzio alikuwa akiwaza nini? Mwaka 1999 watafiti Bateman na Fonagy walichapisha utafiti wa London: waliotibiwa hivi, kikundini na ana kwa ana, kwa muda usiozidi miezi 18, walipunguza kujidhuru zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Lakini akubali mwenyewe, msimsukume. Barua ya rufaa itaje kujikata na pombe, kama anakunywa, bila kuficha. Akiogopa kukutana na Mswahili mwenzake humo, aulize mapema kuhusu kanuni za siri. Foleni huwa ndefu, hivyo mwombeni daktari mpango wa dharura ulioandikwa. Akijiumiza vibaya, pigeni 999.