SOMO: MAKTABA NI YA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahiim.

Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tumeona somo letu la mwaka huu liwe juu ya maktaba: watu wanaionaje, wanaitumia vipi, na kwa nini aghlabu vitabu vinakaa bila msomaji na msomaji anakaa bila kitabu.

Tutaanza na aibu yetu wenyewe. Madrasa yetu hapa Sibwesa ina kabati moja la vitabu. Ndani yake mna misahafu na juzuu, vitabu vya fiqhi na sira kwa Kiswahili, vitabu vya shule vilivyotolewa na wazazi, na hadithi chache za watoto. Kwa muda mrefu kabati lile lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa ustadh mmoja. Ustadh akisafiri kwenda Mpanda mjini, ufunguo nao umesafiri. Mwanafunzi akiomba kitabu anaambiwa, "Subiri, utakipoteza wewe." Tulijisifu kwamba hatujapoteza hata kimoja. Mvua zilipokatika tukalivuta kabati tufagie, tukakuta mchwa wamepanda kwa nyuma, ukutani, wamekula safu yote ya chini. Majalada yamesimama wima, ndani udongo mtupu. Kwa hiyo mchwa ndio walioazima, na hakuna aliyeandika jina lao.

Basi tukaanza kuulizana: tulikuwa tunamtunzia nani?

Neno maktaba limetoka katika Kiarabu, mzizi mmoja na kitabu, katibu na maktubu. Lakini neno linalotatiza zaidi ni letu wenyewe, neno kusoma. Kwa Kiswahili kusoma ni kutazama maandishi ukayafahamu, na kusoma pia ni kwenda shule. Tunamuuliza mtu, "Umesoma mpaka wapi?" naye hujibu, "Darasa la saba." Ukimkaribisha maktaba mtu huyo atakujibu kwa dhati kabisa, "Mimi nilishamaliza kusoma." Hakudanganyi. Kwa lugha yake, kusoma ni jambo lenye mwisho, kama jando. Mtu akiingia maktaba na ndevu zake, watoto watamtazama wakidhani amekuja kumtafuta mwanawe. Tunaamini jambo hili limefunga milango mingi kuliko kufuli la ustadh.

Si kwamba nchi yetu haikujitahidi. Kabla ya uhuru, Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilikuwa likipeleka masanduku ya vitabu na kuazimisha kwa njia ya posta. Mwaka 1963 ikatungwa sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Sheria nyingine ya mwaka 1975 ndiyo iliyoleta Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada yake likaja vuguvugu la kisomo chenye manufaa. Wazee wengi walijifunza herufi kwa vitabu vya pamba, mahindi na migomba. Kanda ya Ziwa walipata gazeti lao la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kuanzia mwaka 1974. Jina hilo pekee lilikuwa jibu kwa yule anayesema alishamaliza. Maktaba za vijiji nazo zikaanzishwa ili mtu aliyejua kusoma asisahau.

Takwimu za Serikali za mwaka 1986 zilisema wasiojua kusoma na kuandika wamebaki asilimia 9.6. Lakini Sensa ya mwaka 2012 ilikuta wanaojua, wenye miaka 15 na kuendelea, ni kama asilimia 78. Ina maana tulirudi nyuma. Sababu ni nyingi, zikiwemo ukata wa miaka ya 1980 na watoto wengi kukosa shule, ila moja inatuhusu hapa: mtu aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma, herufi humtoka kama namba za simu zinavyomtoka. Maktaba za vijiji nyingi zilidhoofika. Vitabu vilevile vilikaa miaka bila kubadilishwa, na mtunzaji, ambaye malipo yake yalikuwa madogo au hayapo kabisa, aliogopa kudaiwa kitabu kikipotea. Akafunga. Hatuwezi kumlaumu sana. Nasi tulifunga, wala hakuna aliyekuwa akitudai.

Tena yako maeneo ambako watu walifundishwa waziwazi kwamba maktaba si yao. Pale Nairobi, Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi karibu na uhuru wa Kenya. Mzee aliyepita mbele ya nguzo zile kubwa miaka thelathini bila ruhusa ya kuingia, mlango ukifunguliwa hana mazoea ya kuingia, na mwanawe hana wa kumshika mkono. Mombasa kulikuwa na mfano mwingine: tangu mwaka 1903 kulikuwa na maktaba na chumba cha kusomea bure, kilichoitwa kwa jina la Seif bin Salim.

Sasa tuwatazame wanaoingia maktaba leo. Nenda maktaba yoyote ya mkoa, utakuta viti vimejaa vijana wa sekondari na vyuo, na mbele yao madaftari waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Rafu hazijaguswa. Kwa muda tuliwacheka watu wa namna hii, tukasema hawa wamekuja kuazima kiti, si kitabu. Tulikosea. Nyumba yenye watoto saba, chumba kimoja, taa moja ya sola, redio ya jirani na mtoto mchanga analia, meza tulivu ni rizki kubwa. Msichana, hasa, nyumbani hawezi kukaa na daftari dakika kumi kabla hajaitwa kuchota maji. Maktaba ndiyo mahali pekee anapoweza kuonekana amekaa na asihesabiwe kuwa mvivu. Kwa hiyo atakayeazima kiti mwaka huu, mwakani huenda akainua mkono mpaka kwenye rafu. Na asipouinua, mtihani wake atakuwa amesomea.

Lipo na swali la simu. Vijana wetu wanasema, "Ustadh, vitabu vyote viko kwenye simu." Ni kweli kwamba tafsiri na mawaidha mengi yamo humo, na sisi wenyewe tunatumia. Ila simu ni ya baba, bando lina mwisho, na anayefungua kitabu kwenye simu huletewa na mengine asiyoyaomba. Tunaona vyote viwili vikae nyumba moja bila ugomvi.

Tumetafuta mifano ya waliofanikiwa kwa kidogo walicho nacho, tukapenda miwili. Wa kwanza ni wa ndugu zetu wa Garissa, kaskazini mashariki ya Kenya, wafugaji, wengi wao Waislamu. Mwaka 1996 shirika la maktaba la Kenya lilianza kuwapelekea vitabu kwa ngamia. Ngamia mmoja huchukua masanduku yenye vitabu kama 200, mwingine hubeba hema. Wakifika, hema husimamishwa karibu na shule, mikeka ikatandikwa, watoto wakachagua. Angalia busara yake: badala ya kulalamika kwamba wafugaji hawaji maktaba, maktaba iliwafuata kwa mnyama wanayemheshimu.

Wa pili ni Kitengesa, kijiji karibu na Masaka, Uganda. Huko walianza mwaka 1999 na sanduku la vitabu katika shule ya sekondari, na mwaka 2004 wakapata jengo. Wanafunzi wengine husaidia kazi za maktaba na kwa hilo husaidiwa karo. Lililotuvutia zaidi ni kwamba miongoni mwa vinavyosomwa sana na watu wazima ni magazeti ya Kiganda. Mkulima anataka bei, habari na michezo kwa lugha ya mama yake. Je, sisi kabati letu lina nini cha mkulima wa mpunga, au cha mama anayetaka kujua homa ya mtoto? Hakuna. Tulijaza tulivyopewa, si walivyohitaji.

Turudi nyumbani. Kuna binti wa madrasa yetu ambaye, baada ya kabati kufunguliwa, aliazima kitabu cha hadithi. Mdogo wake akachana kurasa tatu. Binti akakificha chini ya godoro, na yeye mwenyewe akaacha kuja chuoni. Wiki ya tatu mama yake akaja, ameshika kitabu kwenye kanga, akasema, "Ustadh, shikamoo. Nimekuja kulipa, lakini sina zaidi ya elfu moja. Mwanangu arudi." Tuliona haya. Kitabu chenyewe tulipewa bure.

Walimu tukakaa, na hatukuwa wa kauli moja. Mmoja wetu alisema mali ya madrasa ni amana, na Suratun Nisaa aya ya 58 imetuamrisha juu ya amana; tukisamehe huyu, kesho kabati litakuwa tupu. Hoja yake ina uzito. Tukaenda kwenye fiqhi, mlango wa ariya, yaani kuazima. Katika madh-hab yetu ya Shafi, mwenye kuazima kitu huwa ana dhamana nacho: kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, hulipa, hata kama hakuzembea. Wenzetu wa Hanafi wanasema kilichoazimwa ni amana mkononi mwake, halipi mpaka awe amezembea. Hapo yule mwenzetu akatabasamu, akaona ameshinda.

Lakini tulipofungua Fat-hul Muin, kitabu cha Sheikh Zaynuddin al-Malibari, mwanachuoni wa Malabar katika Bara Hindi wa karne ya 16, tukakuta ametaja jambo letu lenyewe. Kitabu kilichowekwa wakfu kwa Waislamu, akakiazima anayestahiki, kikaharibika mkononi mwake bila ya uzembe, hana dhamana. Sababu aliyoitoa ni fupi: aliyekiazima ni mmoja wa wale ambao wakfu uliwekwa kwa ajili yao. Mwanafunzi haazimi cha mtu mwingine. Anatumia haki yake, na wakati huohuo ana jukumu la kutozembea. Vitabu vyetu vilitolewa na wazazi na waumini kwa ajili ya wanafunzi, hivyo ndivyo tulivyoielewa hali yetu. Binti yule hakuzembea, alikiweka juu ya sanduku, mtoto akapanda. Mama alirudishiwa elfu yake, kurasa zikabandikwa kwa unga wa muhogo, na kitabu kinasomeka isipokuwa mistari miwili ambayo wanafunzi sasa wanabuni wenyewe.

Kuhusu uzembe ni nini, tunaye mwalimu mzuri. Qadhi Badruddin Ibn Jamaa, aliyefariki Misri mwaka 1333 Miladia, ameweka mlango mzima wa adabu za vitabu ndani ya kitabu chake juu ya adabu za mwalimu na mwanafunzi. Anapendekeza kuazimisha vitabu kwa asiyeviharibu. Anamtaka aliyeazima amshukuru mwenye kitabu, asikae nacho baada ya haja yake kwisha, wala asiandike pembezoni bila ruhusa. Kisha anataja mambo ya kuepuka, nasi tulicheka kwa kuyajua: kitabu kisifanywe mto wa kulalia, wala kipepeo cha joto, wala ghala la kutunzia karatasi, wala silaha ya kuulia kunguni, na ncha ya ukurasa isikunjwe kuwa alama. Karne saba zimepita na kunguni bado wapo.

Hivi ndivyo tulivyokubaliana, na wazazi mnaombwa mtusaidie. Kabati limehamishwa kutoka ukutani, miguu yake imewekwa ndani ya makopo yenye oili chafu, na kufuli limeondolewa. Litakuwa wazi Jumamosi na Jumapili baada ya Alasiri. Wanafunzi wawili wakubwa, wa kike na wa kiume, watashika daftari: jina, kitabu, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Kitabu ni wiki mbili. Kikichanika, kirudi kilivyo, siku ileile, bila kuogopa. Aliyezembea kweli atakaa na sisi kubandika vitabu vya wenzake Jumamosi moja. Watu wazima nao wanaruhusiwa kuazima, na yule asiyependa kuonekana anaweza kumtuma mtoto. Mkeka utakuwapo nje kwa anayetaka kukaa tu na daftari lake.

Kazi ya nyumbani kwa wanafunzi wote. Muulize mtu mzima mmoja nyumbani kwenu, baba, mama, bibi au mjomba, kitu gani alikisoma mara ya mwisho na kilikuwa juu ya nini. Kisha muulize angependa kusoma habari gani lau angeletewa. Usimsahihishe, usimcheke. Andika jibu kwa maneno yake mwenyewe, ulete Jumamosi ya kwanza baada ya likizo. Tutayasoma majibu yote kabla hatujaenda mjini kununua vitabu.

Wabillahi tawfiq.