Pumzi ya Mpanda Kilima: Somo la Upumuaji kutoka Ipogolo

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia haipiti katikati ya mji wa Iringa. Hupita chini yake, Ipogolo, karibu na Mto Ruaha Mdogo, na aendaye mjini hana budi kupanda kilima. Kijana mwenye afya njema akikipanda kwa miguu, tena kwa haraka, hufika juu akitweta. Baada ya dakika chache pumzi zake hutulia. Jambo hili ni la kawaida mno hata watu hawalifikirii. Lakini mwanafunzi wa udaktari hawezi kuuelewa ugonjwa wa mapafu kabla ya kuelewa kwa nini mtu mzima wa afya hutweta, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kujifunza jambo hilo hilo kwa saa ya mkononi tu.

Je, Hewa ya Iringa ni Pungufu?

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba katika nyanda za juu asilimia ya oksijeni hewani ni ndogo. Jibu hilo si sahihi. Oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa, pwani na milimani pia. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa. Usawa wa bahari, kanieneo hiyo ni kama milimita 760 za zebaki, na sehemu ya oksijeni ni kama milimita 160. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Huko kanieneo hushuka hadi kama milimita 630, na sehemu ya oksijeni hubaki kama milimita 130. Upungufu huo upo, lakini mtu aliyekaa kitako haumfanyi atwete. Anayetweta kilimani anatweta hasa kwa sababu misuli yake inafanya kazi kubwa.

Mapafu Hayajivuti Yenyewe

Mapafu hayana misuli ya kuyatanua. Kazi hiyo hufanywa na misuli iliyo kati ya mbavu, pamoja na kiwambo, yaani msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Kiwambo kikikaza hushuka, mbavu huinuka, nafasi ya kifua huongezeka, na kanieneo ndani ya mapafu hupungua kuliko ya nje. Hapo hewa huingia. Misuli ikilegea, mapafu hunywea kama mpira uliovutwa ukaachiwa, na hewa hutoka.

Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Puto moja lifungwe mdomoni mwa chupa likining'inia ndani, na kipande cha puto jingine kiwambwe kitakoni. Kipande hicho kikivutwa chini, puto la ndani hujaa hewa ingawa hakuna aliyelipuliza.

Hewa hupita puani, kooni, kwenye zoloto na katika bomba la hewa, ambalo hugawanyika mara nyingi kama matawi ya mti mpaka kufikia vifuko vidogo sana vya hewa. Vifuko hivyo ni zaidi ya milioni 300, na kuta zake zikitandazwa zingeenea kama meta za mraba 70, yaani kiasi cha sakafu ya darasa kubwa. Kati ya hewa na damu pana utando mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Oksijeni huupenya kuingia katika damu, na kabonidioksaidi huupenya kutoka.

Hesabu ya Pumzi

Mtu mzima aliyetulia huvuta kama mililita 500 kwa pumzi moja, na hupumua kama mara 15 kwa dakika. Jumla ni mililita 7,500. Hata hivyo, mililita 150 za kila pumzi huishia njiani, mabombani, pasipo kufika kwenye vifuko. Kwa hiyo hewa yenye manufaa ni 350 mara 15, yaani mililita 5,250.

Tuseme mtu mwingine anavuta mililita 250 tu, lakini mara 30 kwa dakika. Jumla ni ile ile, mililita 7,500. Lakini hewa ifikayo vifukoni ni 100 mara 30, yaani mililita 3,000. Misuli yake inahangaika maradufu, na bado anapata pungufu. Hapa ndipo hatari ya pumzi za haraka na fupi inapoonekana: mgonjwa hufanya kazi nyingi kwa faida ndogo, mpaka huchoka.

Kengele ya Mwili

Mwaka 1905, wanasayansi J. S. Haldane na J. G. Priestley wa Uingereza walionyesha kwamba kinachoongoza upumuaji wa kawaida hasa ni kabonidioksaidi, wala si oksijeni. Gesi hiyo ikizidi kidogo tu katika damu, shina la ubongo huamuru pumzi ziongezeke. Kwa mpanda kilima, ubongo hupokea pia habari kutoka kwenye misuli inayofanya kazi, hivyo pumzi huongezeka hata kabla gesi haijalimbikizana.

Iko gesi moja isiyoigonga kengele hii. Wakati wa baridi kali ya Juni na Julai, baadhi ya watu wa nyanda za juu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaoungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala hatweti, huzidi kulala, na huenda asiamke. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa katika chumba cha kulala.

Mtoto Asiyepanda Kilima

Mama anaweza kufika kliniki akiwa amembeba mtoto mgongoni. Aliyepanda kilima ni mama. Mtoto hakutembea hata hatua moja. Ikiwa mama ametulia na mtoto bado anapumua mbio, basi sababu imo ndani ya mwili wa mtoto. Huenda ni nimonia: baadhi ya vifuko vya hewa vimejaa majimaji na usaha, mapafu yamekuwa magumu kutanuka, na mtoto analazimika kupumua kwa haraka na kwa ufupi, kama ilivyoonyeshwa katika hesabu.

Shirika la Afya Duniani limeweka viwango vya kutambua pumzi za haraka kwa mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida:

Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika.
Miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miezi 12: pumzi 50 au zaidi.
Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Mtoto ahesabiwe akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, nguo ikiwa imeinuliwa ili kifua na tumbo vionekane. Hesabu iwe ya dakika nzima. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, hesabu ikifika 60 irudiwe, kwa maana pumzi za umri huo hazina mpangilio imara. Pumzi za haraka zaweza kuletwa na maradhi mengine pia. Kuyabainisha ni kazi ya mganga, lakini kumfikisha mtoto kwake siku hiyo hiyo ni kazi ya waliomwona kwanza. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea kila mtoto avutapo pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, akipatwa na degedege, au akizimia, asicheleweshwe hata kidogo.

Kwamba maarifa haya si ya madaktari peke yao, Tanzania ina ushahidi wake. Mradi ulioendeshwa wilayani Bagamoyo, na taarifa yake kuchapishwa mwaka 1986, uliwafunza wahudumu wa afya wa vijijini kutambua nimonia na kuitibu mapema. Vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua.

Zoezi la Darasani

Wanafunzi wagawanywe wawili wawili. Mmoja akae kimya dakika tano, na mwenzake amhesabie pumzi kwa dakika nzima. Kisha akimbie mahali pamoja kwa dakika mbili, na ahesabiwe tena kila dakika mpaka pumzi zirudi kama mwanzo. Matokeo yachorwe katika grafu. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asikimbie, awe mhesabuji.

Maswali

1. Mtu anavuta mililita 400 kwa pumzi, mara 20 kwa dakika. Ni hewa kiasi gani inayofika vifukoni kwa dakika?
2. Kwa nini aliyedhurika kwa moshi wa mkaa hatweti kama mpanda kilima?
3. Mtoto wa miezi 8 ana kikohozi, naye akiwa amelala anapumua mara 54 kwa dakika. Ndugu yake, mwanafunzi wa kidato cha pili, amwambie nini mama yao?