Taa ya nje na wadudu wa usiku

SWALI: Msomaji wa Kabanga, Kasulu, anauliza: tangu tuweke taa barazani, wadudu hujaa ukutani usiku. Je, mwanga unawadhuru?

JIBU: Ndiyo. Mdudu arukaye usiku huelekeza mgongo kwenye mwanga, kwa kawaida angani. Hivyo hujua juu na chini. Taa humvuruga, akaizunguka hadi akachoka. Mjusi kafiri, mjanja huyo, anamsubiri palepale ukutani.

Samaki nao huvutwa na mwanga. Kule Ziwa Tanganyika wavuvi hukusanya dagaa kwa karabai, na sasa taa za sola. Migebuka huwafuata dagaa, wakanaswa pamoja. Mbalamwezi ikikolea wavuvi hupumzika, maana taa hazivuti tena.

Kwa taa yenu ya barazani, tumia balbu ya manjano, uielekeze chini, na uizime mnapolala.