Mashine ya Kumenya Kahawa Inapogoma: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Kahawa ya arabika inayotayarishwa kwa njia ya maji hutakiwa kumenywa siku ileile ilipochumwa. Buni mbivu zikilala katika magunia hupata joto, huanza kuchacha, na kahawa hutoka na kasoro ambayo mwonjaji huitambua mara moja. Daraja likishuka, bei hushuka pamoja nalo, na anayebeba hasara ni mwanachama. Kwa hiyo mashine ya umeme inaposimama saa kumi jioni, foleni ikiwa mlangoni, katibu na kamati hawana nafasi ya kubahatisha.

Hata hivyo, kubahatisha ndiko kunakotokea mara nyingi. Mashine ikigoma, neno la kwanza kusikika ni kwamba mota imeungua. Mota hufunguliwa, hupelekwa mjini kusukwa upya, na fedha za chama hulipwa. Inaporudishwa, mashine bado haizunguki, kwa kuwa kilichoharibika ni fyuzi, au jiwe dogo limekwama penye diski. Somo hili laeleza utaratibu wa kuepuka gharama ya namna hiyo.

Sehemu tatu

Kila mashine inayoendeshwa na mota ina sehemu tatu: umeme unaoingia, mota yenyewe, na mzigo unaozungushwa, yaani mikanda na kinu. Kazi ya kwanza ni kujua ni sehemu ipi yenye ubovu. Matengenezo huja baadaye.

Hatua ya kwanza: usalama

Swichi kuu izimwe, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ushikwe na mtu mmoja tu. Kibao chenye maneno HATARI, USIWASHE kitundikwe hapo. Mkono wa mtu usiingie penye kinu au mikanda kabla ya hayo kutimizwa. Kufungua kisanduku cha umeme na kupima nyaya ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni; mhudumu wa mashine asiifanye.

Hatua ya pili: umeme

Mota kubwa nyingi hutumia umeme wa njia tatu. Hapa pana kosa linalorudiwa sana: karani huona taa ya ofisi inawaka, akasema umeme upo. Taa hutumia njia moja tu. Njia nyingine yaweza kuwa imekatika, na mota isipate nguvu ya kuanza. Dalili yake ni mota kunguruma bila kuzunguka. Ikinguruma hivyo, izimwe papo hapo, maana nyaya zake za ndani hupata joto haraka na kuungua. Mota iliyokuwa nzima huuawa kwa kubonyezwa kitufe tena na tena.

Ikiwa mota haitoi sauti yoyote, huenda fyuzi imekatika au kifaa cha kinga kimekata umeme kwa sababu mota ilizidiwa. Kifaa hicho huachwa kipoe kwa dakika chache, kisha hurudishwa mara moja tu. Kikikata tena, chanzo kitafutwe. Kukiongezea kipimo kupita ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, au kufunga waya mahali pa fyuzi, ni kuondoa mlinzi na kumwachia mwizi mlango.

Hatua ya tatu: kuitenga mota

Swichi kuu ikiwa imefungwa, mikanda huondolewa kwenye puli. Kisha gurudumu la kinu huzungushwa kwa mkono. Likiwa zito au limekwama, ubovu uko kwenye mzigo. Likizunguka kwa wepesi, watu husogea mbali na mota huwashwa peke yake. Mota ikizunguka vizuri bila mikanda, haina haja ya kupelekwa mjini. Isipozunguka ingawa fundi amepima na kukuta njia zote tatu zina umeme, hapo ndipo mota yenyewe hushukiwa.

Hatua ya nne: mzigo

Mambo ya kukaguliwa ni haya:

(a) Jiwe, kijiti au kipande cha chuma kilichoingia pamoja na buni.
(b) Beringi iliyokosa grisi, ambayo hupiga kelele na kuwa ya moto.
(c) Mikanda iliyolegea, inayoteleza na kunuka mpira ulioungua. Palipo na mikanda kadhaa, hubadilishwa yote pamoja. Mpya ukiwekwa kati ya mikuukuu, hubeba mzigo peke yake.
(d) Mwelekeo wa kuzunguka. Fundi akibadilishana nyaya mbili kati ya tatu, mota huzunguka kinyume, na kinu hakimenyi.

Wakati kazi ikiendelea

Kamati isisubiri fundi huku buni zikichacha. Zipelekwe chama cha jirani kwa mapatano yaliyoandikwa, au zimenywe kwa mashine ya mkono iliyohifadhiwa ghalani. Yote mawili yakishindikana, zilowekwe katika maji safi na baridi hadi asubuhi.

Kumbukumbu

Daftari la mashine liandikwe tarehe, dalili, kilichokaguliwa, kilichokutwa, jina la fundi na kiasi alicholipwa. Malipo yasiidhinishwe kwa maneno kwamba mota ni mbovu. Fundi aoneshe kipimo, na kipuri kilichotolewa kirudishwe chamani. Daftari lililoandikwa vema humwezesha mwanachama kuuliza kwenye mkutano mkuu na kujibiwa kwa ushahidi.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini taa kuwaka si ushahidi kwamba mota inapata umeme wa kutosha?
2. Mota inazunguka bila mikanda, lakini husimama mikanda inaporudishwa. Ubovu uko wapi?
3. Chama chenu kina mpango gani wa kumenya buni siku mashine itakapogoma? Nani anashika ufunguo wa swichi kuu?