Chelezo Kidogo kwa Ndoana Nyepesi
Mvuvi wa mshipi atumiaye ndoana yenye kichwa cha risasi cha gramu moja au mbili huhitaji chelezo kinacholingana na uzito huo. Chelezo kikubwa ni kizito kwa samaki kukizamisha. Akihisi mvuto huo huitema ndoana, na mnunuzi hubaki akilaumu chambo.

Tunakushauri usome uzito ulioandikwa kwenye chelezo. Usipouona, mwombe muuzaji akuruhusu kukijaribu katika ndoo ya maji pamoja na ndoana yako: ncha pekee ndiyo ibaki juu. Kikilala ubavu, ni kikubwa mno, isipokuwa kama mshipi ni mrefu na ndoana imefika chini ya ndoo, kosa ambalo hata wazoefu hulifanya.

La risasi ni zito zaidi. Ni sumu, hasa kwa watoto. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa chubwi nyingi ndogo za risasi mwaka 1987, kwa sababu batamaji walikuwa wakizimeza na kufa. Usibane chubwi kwa meno. Tumia koleo, kisha nawa mikono kabla ya kula.