Tumbo la Ng'ombe Si Kama Lako

Asubuhi moja wakati wa masika, mkulima wa skimu alifika ofisini kwetu mbio kuomba dawa ya kuondoa sumu. Alisema jirani amemlisha ng'ombe wake sumu, kwa maana saa moja alikuwa mzima, na saa tatu amefura na kuanguka. Mkopo wa ng'ombe huyo haujalipwa hata nusu. Nikamwuliza, "Amekula nini?" Akajibu, "Alikata kamba, akaingia katika lusini yangu."

Basi hapakuwa na sumu. Tumbo la mwanadamu ni moja, na ashibapo huchukua lita moja au mbili tu. La ng'ombe lina vyumba vinne. Chumba cha kwanza huweza kuchukua lita 100 na zaidi, nacho kimejaza ubavu wa kushoto. Humo majani huchachuka kama pombe katika pipa, kwa kazi ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kila mpika pombe ajua kwamba kichachukacho hutoa hewa. Hewa hiyo ng'ombe huitoa kinywani kwa kubeua, mchana na usiku.

Lakini lusini changa yenye umande hufanya povu zito. Hewa hunaswa ndani ya povu, mnyama asiweze kubeua. Tumbo huvimba na kusukuma mapafu mpaka pumzi zimwishe, pengine kabla ya saa moja kupita.

Ukiona ubavu wa kushoto umevimba, mwite daktari wa mifugo upesi. Msimamishe ng'ombe, miguu ya mbele ikae mahali palipoinuka. Kama aweza kumeza, mnyweshe nusu lita ya mafuta ya kupikia, polepole, ili povu livunjike. Usimwinue kichwa mno, mafuta yasije yakaingia mapafuni. Na lusini, ikate na kuinyausha kwanza, tena mpe majani makavu kabla yake.

Tulipofika, ng'ombe alikuwa amekwisha kufa. Daktari alimpima damu kwanza kuhakikisha kwamba si kimeta (mnyama aliyekufa ghafula usimpasue mwenyewe), ndipo akampasua ubavu wa kushoto. Povu la kijani likamwagika mpaka miguuni petu. Mwenye ng'ombe alilitazama kwa kitambo, akavaa kofia yake, akashika njia ya kwa jirani.